Si lazima iwe ya mateso

Dadangu, umeuliza kama video kuhusu wanawake wanaopendana lazima iwe ya kilio. La hasha! Mwongoza filamu Lizzie Borden, katika filamu yake Born in Flames (1983), alibuni New York ya baada ya mapinduzi, ambapo wanawake bado wanadhulumiwa na wanapanga mapambano kupitia redio zao wenyewe. Pesa za kuitengeneza zilikuwa haba.

Wewe hapo Mombasa, simu yatosha. Sura ziache, maana usalama wa watu kwanza: rekodi mikono, leso, makelele ya feri Likoni. Halafu sauti za wasimulizi zieleze mji wa kesho, wa mwaka 2070, kana kwamba wasimulizi washauzoea. Bibi wazee wawili wanaopendana wagombanie kodi ya nyumba, mmoja amuuguze mwenziwe. Hapo ndipo nataka ukae sana, kwa sababu wapenzi hawa ni nadra kuwaona wakizeeka pamoja. Roboti na magari yarukayo si muhimu.