Tarehe za ndani ya Biblia ya bibi: tazama kwanza imechapwa lini

Ndugu wa Malindi, umesema Biblia ya bibi yako ina majina ya watoto tisa kwenye karatasi za mwanzo, wa kwanza 1931, na unauliza kama utayategemea kuandika ukoo. Kwetu Lamu ni msahafu, lakini kazi ni ile ile, na mimi imenitoa jasho.

Fungua ukurasa wenye mwaka wa chapa. Kama ni ile tafsiri ya Kiswahili iitwayo Union Version, Biblia nzima ilitoka 1952. Basi huyo wa 1931 hakuandikwa humo alipozaliwa. Aliandikwa baadaye, kwa kukumbuka au kwa kunakili mahali. Tazama na wino. Majina tisa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja ni kazi ya jioni moja. Si lazima yawe uongo, ila lifuate daftari la ubatizo kanisani.

Msahafu wa baba yake babu ulichapwa Bombay, na mwishoni una mwaka 1340 wa Hijria. Watoto watatu wa mwanzo wametangulia mwaka huo, kwa hivyo walinakiliwa. Babu ni wa tatu: Mfungo Sita (Rabiul-awwal) 1337, yaani Desemba 1918. Kitambulisho chake kilisema 1922, mwaka wa kukisia wa karani! Mkigeuza tarehe za Hijria, msitoe hesabu moja kwa miaka yote, maana mwaka wake ni mfupi kwa siku kama kumi na moja. Na "usiku wa Jumatatu" wa wazee ni ule wa kuamkia Jumatatu. Mimi nilikosea siku nzima hapo.

Hati yenyewe, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nayo ina vituko. Waandishi wa zamani walitumia herufi moja kwa b, p na mb, nikamsoma mzee Kombo kuwa Kopo mwezi mzima.

Lakini kilichonishinda ni hao wawili wa mwanzo: mmoja Rajabu 1333, mwezi wa saba, wa pili Mfungo Tatu mwaka huo huo, mwezi wa kumi na mbili. Miezi mitano! Nikasema mzee alikosea kunakili, nikamsogeza wa pili hadi 1334 kwenye daftari langu. Nilipomsomea shangazi yake baba, alicheka mpaka akakohoa. "Wewe, hao mama mbali mbali." Kumbe palikuwa na mke mwingine kule Faza, kisiwani Pate, na nyumbani hakuna aliyewahi kumtaja. Wajukuu wa yule mtoto wa mke wa Faza nimekunywa nao kahawa miaka yote, tukiitana jirani.

Kwa hivyo usirekebishe chochote kabla hujawasomea wazee kwa sauti. Piga picha kila ukurasa, hata mtupu, na vikaratasi vilivyochomekwa ndani uviache palepale ulipovikuta. Seloteepu usiitumie kubandikia, inakula karatasi.

Ukishauona mwaka wa chapa, uandike hapa tuendelee.