Chaji kadi au kadi ya mkopo? Majibu ya maswali yenu

Zote si kadi tu? Tofauti iko wapi? (Nairobi)

Swali hili linarudi kila mwezi, basi nalijibu tena. Chaji kadi inakudai deni lote kila stetimenti, yaani taarifa ya matumizi ya mwezi, inapotoka. Ukitumia 80,000, unalipa 80,000. Kadi ya mkopo inakupa kikomo, inakuruhusu ulipe sehemu, na salio linalobaki linazaa riba. Diners Club ya New York ilianza mwaka 1950 kwa mtindo wa kwanza. BankAmericard, ambayo leo ni Visa, ilianzia Fresno, California, mwaka 1958, na ndiyo iliyozoesha watu mtindo wa pili. Kadi ya ATM inayokata akaunti yako papo hapo haimo katika mjadala huu, na tafadhali msiniandikie tena mkiiita kadi ya mkopo kwa sababu ina nembo ya Visa.

Mimi hulipa kiwango cha chini kila mwezi bila kukosa. Mbona deni haliishi? (Thika)

Kwa sababu kiwango cha chini, yaani kiasi kidogo kabisa unachotakiwa kulipa kila mwezi, kimewekwa kwa faida ya benki. Piga hesabu nami. Una deni la shilingi 100,000, riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, na kiwango cha chini ni asilimia 10 ya salio. Mwezi wa kwanza riba inalipeleka deni hadi 103,500. Unalipa 10,350, linabaki 93,150. Endelea hivyo miezi 12 bila kununua hata soda. Utakuwa umelipa kama 86,600, na bado unadaiwa kama 42,700. Riba peke yake imekula zaidi ya 29,000.

Kuna jambo la pili ambalo wauza kadi hawalitaji. Ukilipa deni lote kwa wakati, manunuzi yako hayatozwi riba. Sema stetimenti inafungwa tarehe 5 na mwisho wa kulipa ni tarehe 30. Ulichonunua tarehe 6 Machi kinadaiwa tarehe 30 Aprili, yaani siku 55 bure. Ulichonunua tarehe 4 Aprili kina siku 26 tu. Ila ukibakiza deni, kwa kadi nyingi nafuu hiyo inafutika: hata mkate wa leo unaanza kuhesabiwa riba tangu siku muamala ulipoingia.

Tazama pia fomu ya makato ya moja kwa moja. Huwa inakuuliza ukatwe asilimia ngapi ya salio. Wengi hutia alama kwenye kiasi kidogo kabisa, kisha wanasahau. Tia alama kwenye 100. Hapo kadi yako ya mkopo itafanya kazi ya chaji kadi, na umelimaliza nusu ya swali mnaloniuliza. Kama mshahara wako hauwezi kubeba hiyo 100, tatizo halitatibiwa na kadi ya aina yoyote.

Chaji kadi haina kikomo. Naweza kulipia gari? (Minneapolis)

Haina kikomo kilichotangazwa. Kikomo kipo, na kinapanda na kushuka kulingana na kipato chako, matumizi yako na unavyolipa. Kabla ya ununuzi mkubwa, ingia kwenye programu ya kadi uulize kama kiasi hicho kitapita, usije ukaaibika mbele ya muuzaji. Na wewe wa Marekani, soma mkataba vizuri: American Express sasa inaweka kwenye kadi zake nyingi za zamani huduma ya Pay Over Time, inayokuruhusu kusogeza deni mbele kwa riba. Ulifuata chaji kadi ili ujifunge mikono, kumbe umeletewa kadi ya mkopo iliyovaa kanzu.

Naweza kutoa pesa taslimu ATM kwa kadi ya mkopo? (Mwanza)

Unaweza. Usitoe. Kuna ada ya kutoa, na riba huanza siku hiyohiyo.

Nanunua tiketi za familia kwenda Dar es Salaam. Nitumie ipi? (Leicester)

Kadi ya mkopo, tena bila kusita. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya Uingereza ya mwaka 1974 kinaifanya kampuni ya kadi ibebe dhamana pamoja na muuzaji, kwa kitu chenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000. Wakala akifilisika, unaidai kadi. Chaji kadi haimo kwenye kifungu hicho. Inabaki na utaratibu wa kurudishiwa fedha wa mtandao wa kadi, ambao ni kanuni za kampuni, si sheria. Na ukifika Dar, mashine ikikuuliza ulipe kwa pauni au shilingi, chagua shilingi. Ukichagua pauni, bei ya kubadilisha fedha inapangwa na upande wa muuzaji.

Chaji kadi haina riba, kwa hiyo ni halali? (Mombasa, na wawili wa Muscat)

Fatwa muulizeni sheikh. Ninachoweza kuonyesha ni mahali pa kutazama kwenye mkataba. Kiwango cha Sharia namba 2 cha AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, kinairuhusu chaji kadi kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba ukichelewa usitozwe riba. Basi fungua ukurasa wa ada na usome kipengele cha kuchelewa. Wanaosema "kadi ya mkopo ni sawa mradi nalipa mapema" wajue kwamba Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, katika uamuzi namba 108 wa mwaka 2000, lilikataa kadi yenye sharti la riba hata kwa mwenye nia ya kulipa ndani ya muda.

Ofisi imenipa chaji kadi yenye jina langu. Deni ni la nani? (Arusha)

Inategemea ulichosaini. Mikataba mingine inaidai kampuni, mingine inakudai wewe, mingine inawadai wote wawili. Balaa la kawaida ni hili: mhasibu anarudisha fedha za safari baada ya siku 45, kadi inadai baada ya 25. Ada ya kuchelewa inaingia, kadi inafungwa ukiwa hotelini, na mkataba ukiwa wa jina lako, taarifa inaweza kufika kwa wakala wa taarifa za mikopo ikiwa na jina hilohilo. Peleka risiti siku unayorudi, kwa barua pepe, ili tarehe ionekane.

M-Pesa GlobalPay ni kadi ya mkopo? (Eldoret)

Hapana. Ni kadi ya kulipia mtandaoni inayotumia pesa zako zilizomo kwenye M-Pesa.