Maswali na majibu: Kodi, tozo na uvumilivu wa mwananchi

Je, kuna asilimia ya kodi ambayo serikali ikiivuka tu, wananchi wanaamka? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu yangu, ingekuwepo, Wadenmark wangelala barabarani. Kwao kodi zote kwa jumla zinachukua zaidi ya asilimia 40 ya pato la taifa, na maisha yanaendelea. Sisi Tanzania hatufiki 15, na manung'uniko hayaishi.

Tazama Kenya mwaka 2024. Muswada wa Fedha ulilenga kukusanya takriban Sh bilioni 346 za kwao, na ndani yake kulikuwa na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana walipoingia mitaani, mkate ukaondolewa, gari likaondolewa. Wakazidi kuja. Juni 25 wakaingia hadi ndani ya Bunge, watu wakapigwa risasi na kufa, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hasaini.

Kwa nini hawakutulia baada ya mkate kuondolewa? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu walikuwa wanadai deni la mwaka mzima. Sheria ya 2023 ilikuwa imeshapandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na mishahara ilikuwa imeshaanza kukatwa asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu. Huku ndiyo hiyo, na huku wanasiasa wanajionyesha saa na viatu vya bei mbaya. Mtu anayeambiwa afunge mkanda humtazama kwanza kiuno yule anayemwambia.

Tunalipa VAT kila siku bila kelele. Mbona tozo za miamala ya simu zilituuma vile? (Mama wa duka, Mbeya)

Mama, VAT ya asilimia 18 imejificha ndani ya bei ya sabuni, nawe hujawahi kuonana nayo ana kwa ana. Tozo ilipoanza Julai 15, 2021, ilikuja kwa meseji, na hesabu yake umeandikiwa. Kisha ilikata mara mbili. Mshahara umeshakatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, kazini. Ukimtumia mzazi kijijini unakatwa, naye akienda kwa wakala kutoa anakatwa tena. Palepale ikaonekana kwamba serikali inatoza huruma ya mtoto kwa mama yake, na hoja ya madarasa na zahanati, ambayo si hoja mbaya hata kidogo, haikusikika tena.

Ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo, ikapunguzwa tena 2022, na 2023 ya kutuma ikafutwa. Lakini bajeti hiyohiyo ya 2023 iliongeza Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na Sh1,000 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Sijaona mtu akigombana na muuza mafuta kwa ajili ya ile Sh100. Hazina walishajifunza, na somo walilojifunza halinifurahishi: kodi inayovumilika ni ile isiyoonekana.

Wafanyabiashara waliogoma na kufunga maduka Kariakoo, Dar es Salaam, si wakwepa kodi tu? (Msomaji, Dodoma)

Wakwepaji wamo, tusidanganyane. Nani hajawahi kutajiwa bei mbili, ya risiti na ya bila risiti, au kuambiwa mashine ya risiti, EFD, "imegoma"? Ila wakwepaji peke yao wasingemfanya Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, aende kukaa nao Mnazi Mmoja Mei 2023. Kilio kikubwa kilikuwa kamatakamata: kikosi kazi cha kodi kinavamia, mzigo unashikiliwa, na faini inaanza kujadiliwa kama bei ya mitumba. Mfanyabiashara akijua atalipa kiasi gani na lini, atanung'unika na atalipa. Asipojua kesho atadaiwa nini, anafunga. Juni 2024 walifunga tena.

Na mbona katazo la mifuko ya plastiki lilipita kirahisi? (Msomaji, Tanga)

Lilitangazwa mapema, lilianza Juni 1, 2019 kwa tajiri na maskini siku moja, na mbadala ulikuwepo sokoni. Linganisha na Uganda: ilipotoza Sh200 za kwao kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, kuanzia Julai 2018, watu hawakuandamana sana. Wengi waliwasha VPN, programu ya kuficha wanachofanya mtandaoni, wakaikwepa. Julai 2021 kodi hiyo ikaachwa na badala yake bando zikatozwa asilimia 12.

Wazee wetu walikuwa wavumilivu kuliko sisi? (Kijana, Lindi)

Wewe wa Lindi ndiye unaniuliza hilo? Julai 1905 ni huko kwenu kusini Wamatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na Maji Maji ikaanza. Kodi ya Mjerumani ilikuwepo miaka kadhaa kabla. Ilipoongezewa kazi ya shuruti na viboko vya akida, yule mtawala mdogo wa Mjerumani, ndipo ikawa haibebeki. Nairobi, Machi 1922, Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga kodi na kipande (kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kubeba), na polisi wakawaua watu waliokusanyika kudai aachiwe. Hata baada ya uhuru, muulize yeyote mwenye umri kuhusu kodi ya kichwa: mgambo wakionekana, wanaume walikimbilia porini. Ilifutwa 2003.

TRA (Mamlaka ya Mapato) wamenikadiria kodi ambayo biashara yangu haiwezi. Nigome? (Kaka wa spea, Mwanza)

Usigome, andika. Una siku 30 tangu upokee makadirio kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu. Utatakiwa kulipa kwanza kiasi usichokibishia au theluthi moja ya makadirio, kile kilicho kikubwa, lakini unaweza kuomba upunguziwe au usamehewe sharti hilo ukitoa sababu za maana. Usiporidhika na uamuzi, nenda Bodi ya Rufani za Kodi. Ambatanisha daftari la mauzo na taarifa za benki, na hakikisha nakala unayobaki nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.