Kabla ya Kuhesabu Vifurushi, Wajue Watunzaji Wake

Wanafunzi wa uzamili wanaotaka kutafiti jumuiya za programu huria huniomba ushauri mara kwa mara, na wengi hunijia wakiwa wameshapakua data tele huku hawajasoma hata mjadala mmoja wa watu waliouandika msimbo huo. Ushauri wangu wa kwanza ni kuchagua jumuiya moja na kujifunza kanuni zake. Katika CRAN, ghala la vifurushi (vipande vya msimbo vilivyo tayari kutumiwa na wengine) vya lugha ya programu ya R, kifurushi kipya hukaguliwa kabla ya kupokelewa, na kikishindwa majaribio bila kurekebishwa huondolewa; katika npm, ghala la vifurushi vya lugha ya JavaScript, mwenye akaunti huchapisha papo hapo. Kulinganisha idadi ya vifurushi vya maghala hayo mawili bila kueleza tofauti hiyo ni kazi bure.

Idadi ya upakuaji nayo hupotosha, kwa kuwa sehemu yake hutokana na seva za majaribio zinazopakua kifurushi kilekile tena na tena. Kifurushi cha left-pad kilikuwa na mistari 11 tu ya msimbo, lakini mwandishi wake alipokiondoa npm mwezi Machi 2016, miradi mingi ilikwama, ingawa wengi wa walioathirika hawakuwa wamekichagua wenyewe: kiliwafikia kupitia vifurushi vingine. Kwa hiyo chora mnyororo mzima wa utegemezi. Hakikisha pia kwamba mtu mwenye anwani tatu za barua pepe katika Git, mfumo unaotunza historia ya msimbo, hahesabiwi kama watu watatu, na uzitenge boti, yaani programu zinazochangia zenyewe.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kusoma mazungumzo. Chukua mradi wa XZ Utils, zana za kubana data, ambao kwa miaka mingi ulibebwa na mtunzaji mmoja aliyefanya kazi kwa kujitolea. Mwaka 2022 alianza kushinikizwa kwa barua pepe aongeze kasi, naye akaeleza wazi kuwa afya yake ya akili ilimpunguzia uwezo. Msaidizi aliyejiita Jia Tan akapewa mamlaka hatua kwa hatua, na mwanzoni mwa 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri wa kuwaingiza wavamizi kwenye kompyuta. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua baada ya kushangazwa na ucheleweshaji wa kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao, uliozidi kawaida kwa takriban nusu sekunde. Mtafiti anayetazama majedwali pekee angeona mradi unaopata nguvu mpya, wenye mchangiaji mwenye bidii na matoleo ya mara kwa mara. Shinikizo na uchovu vilikuwa ndani ya barua, ambazo yeyote angeweza kuzisoma.

Kusoma huko hakukupi ruhusa ya kuwafanyia watu majaribio. Mwaka 2021 watunzaji wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux walizuia michango ya Chuo Kikuu cha Minnesota kwa sababu watafiti wake walikuwa wamewatumia kwa makusudi marekebisho yenye kasoro, na kwa maoni yangu walikuwa na haki ya kukasirika.

Mwisho, wapelekee watunzaji matokeo kabla hujayachapisha. Katika mradi mmoja niliouchunguza, mchoro ulionyesha shughuli zikiporomoka ghafla, na nadharia za kueleza jambo hilo hazikukosekana. Mtunzaji akajibu kwa sentensi moja kwamba msimbo ulikuwa umehamishiwa hazina nyingine.