Faili Kufutika Kwenye Kompyuta Zote Mbili

Dada yangu, umeuliza kwa nini faili za hesabu ulizozifuta kwenye folda ya Dropbox (huduma ya kuweka faili mtandaoni) katika kompyuta ya nyumbani Likoni, ili upate nafasi, zimetoweka pia kwenye ile ya dukani Mwembe Tayari. Wengi hudhani Dropbox ni ghala la akiba, ilhali kazi yake ni kulinganisha folda: lolote utendalo upande mmoja, kufuta kukiwemo, hupelekwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu za huduma hiyo, na kurudiwa upande wa pili mara kompyuta hiyo inapopata intaneti. Ingia kwenye tovuti yake upesi uzirejeshe, kwa kuwa akaunti ya bure huhifadhi vilivyofutwa kwa siku 30 tu. Baadaye, ukihitaji nafasi, chagua folda ibaki mtandaoni pekee. Na hesabu za duka, kwa maoni yangu, ziwe pia na nakala kwenye diski ya nje.