Niache ualimu nifinyange?

SWALI: Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa sanaa huku Kakamega, wikendi nafinyanga vyungu na vasi, nikituma picha kwa simu marafiki wote wanasema niuze. Shida ni motoni, vingi vinapasuka na vingine vinalipuka mpaka majirani wanatoka nje. Nataka kuacha kazi ya TSC (tume inayoajiri walimu) nichukue loni ya sacco ninunue gurudumu la kufinyangia na tanuri la stima. Mume wangu anasema mfinyanzi hulia gaeni. Mnanishauri aje? – Mwalimu wa Sanaa

JIBU: Mwalimu, mzee msalimie, na hiyo barua ya TSC ngoja kwanza. Si eti huwezi, ni vile unavyotaka kununua havitakutolea shida, chungu chenye maji ndani kitalipuka hata kwa tanuri la stima, na tokeni ushanunua.

Manake kinacholipua ni maji. Chungu kinaweza kuonekana kikavu na bado hakijakauka, kiweke shavuni, ukisikia baridi kirudishe kivulini. Moto ukipita digrii 100 maji yanageuka mvuke, na kama uliwasha kwa pupa mvuke unakosa njia unatoka na ukuta. Halafu kuna digrii 573, hapo kwozi (quartz, yale madini ya mchanga) iliyo ndani ya udongo inatanuka ghafla, na wakati wa kupoa inajikunja tena, so ukifunua mapema juu ya ile hamu ya kuona (naijua sana) unasikia tu "ta!" Udongo wa mtoni pia usiutumie mtupu, changanya na mchanga ama vigae vilivyopondwa.

Haya yote Ilesi wanayajua, na ni hapo karibu na wewe, barabara ya Kisumu, kina mama wamepanga vyungu kando ya lami. Enda siku wanachoma, ukae nao, uangalie wanavyopasha vyungu moto kabla ya kuvifunika. Beba sukari, usiende mikono mitupu.

Gurudumu nalo sahau kwa sasa. Mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi 1950, kazi zake ziko mpaka British Museum na anazijenga kwa mkono, anazisugua zing'ae bila kupaka gilezi (ule mpako unaogeuka kama kioo motoni), rangi inaletwa na moto, hewa ikiwa ya kutosha zinatoka rangi ya machungwa, ikinyimwa zinakuwa nyeusi. Miaka ya 1970 alienda Abuja, Nigeria, kujifunza ufinyanzi, na baadaye amefundisha chuoni Uingereza miaka mingi, kwa hivyo chaki na udongo vinakaa pamoja vizuri tu.

Kuuza anza likizo ya Agosti. Vasi bila gilezi inavuja polepole, usimuuzie mtu wa maua mabichi halafu aharibu meza. Uza ya maua makavu, na mitungi ya maji ya kunywa, hiyo ikitoa jasho ndio maji yanakuwa baridi. Siku utachoma kumi zitoke tisa nzima, na wateja wanarudi, niandikie tena tuongee mambo ya TSC.