Muulize Njomba: Chuoni hakuna kengele

Njomba, shikamoo. Mimi ni binti wa Newala, nasoma ualimu mwaka wa kwanza hapa Mtwara mjini. Sekondari yote nimekaa bweni: kengele saa kumi na moja alfajiri, prepu usiku, getini hupiti bila kibali. Sasa tumepanga chumba Magomeni, tuko watatu, na hakuna anayeniuliza naenda wapi. Mwezi wa kwanza niliona niko peponi. Bumu, ile hela ya mkopo wa kujikimu, lilipoingia nikanunua simu ya laki tatu na themanini. Kipindi kikiisha saa nne tunarudi geto, tunapika, sabufa inafunguliwa, tunaweka tamthilia, mara giza limeingia. Usiku nikishika madesa nasinzia. Wiki iliyopita testi ya kwanza imerudishwa: 7 kwa 20. Baba anasubiri malipo ya korosho anitumie hela, nami naona haya hata kupokea simu yake. Nihamie hosteli? Au niache kutoka na wenzangu mpaka mitihani iishe?
Mpwa wako, Magomeni

Marahaba, mpwa wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipotoka na wenzako, sijapaona. Wewe hutoki, wewe unarudi. Kipindi kinaisha saa nne, saa nne na nusu umeshavua viatu. Hiyo 7 imepikwa hapo, kati ya saa nne na saa kumi, kwenye sufuria moja na wali wenu.

Nakwambia haya kwa kuwa yalinikuta. Miaka ya tisini nilitoka Lindi kwenda kusoma Dar es Salaam, nami nikauona mchana usio na kipindi kuwa ni wa kulala. Nikala sapu ya takwimu. Mwezi wa tisa, korosho za kwanza zinaanza kudondoka na nyumbani mikono haitoshi, mimi nikapanda basi kwenda kurudia mtihani. Enzi hizo Daraja la Mkapa halijajengwa (lilifunguliwa 2003), Rufiji unavuka kwa kivuko pale Ndundu. Tulikuta foleni, tukalala ng'ambo ya huku. Nilikaa chini ya taa ya kibanda cha chai, daftari mapajani, mkono mmoja unakokotoa na mwingine unapiga mbu. Mama mwenye kibanda akaniuliza, "Mwanangu, hayo mahesabu hukuyaona mwaka mzima?" Sikuwa na jibu.

Sasa tupige hesabu yako. Uzito wa kozi chuoni hupimwa kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kazi. Kozi ya krediti 12 inakudai saa 120, na muhula una kama wiki 15, kwa hiyo ni saa 8 kila wiki. Darasani unakaa labda saa 3. Hizo 5 nyingine ni zako peke yako, hakuna mhadhiri atakayekuja kuzidai. Ukiwa na kozi tano za namna hiyo ni saa 40 kwa wiki, sawasawa na karani wa ofisini. Basi ishi kama karani. Ingia chuoni saa mbili asubuhi, toka saa kumi alasiri, Jumatatu mpaka Ijumaa, uwe na kipindi usiwe nacho. Mchana kula kwa mama lishe nje ya geti, urudi maktaba. Hata nauli ya bodaboda utaokoa, maana sasa hivi naona unalipa ya kwenda na kurudi zaidi ya mara moja kwa siku.

Saa kumi ikifika, sabufa na ilie. Jumamosi pandeni kivuko mwende Msangamkuu mkaoge bahari. Ukijifungia ndani mpaka mitihani utachoka ndani ya wiki mbili, halafu utatoka kwa fujo.

Hosteli sikushauri. Kuna kelele zake, na kengele haipo huko pia.

Simu usiiuze, utapunjwa. Ila bumu lijalo, kabla hujalishika, kumbuka ni elfu kumi ya siku, mara siku sitini. Toa kodi kwanza, kinachobaki kigawe kwa wiki.

Baba yako mpigie leo, kabla pesa ya korosho haijaingia, asije akadhani umeifuata hiyo. Mwambie testi ya kwanza imekwenda vibaya na umeshajua kwa nini. Mkulima anayepuliza salfa miezi kadhaa akisubiri mnada hawezi kushindwa kusubiri testi ya pili.

Na Jumatatu chukua karatasi yako umfuate mhadhiri ofisini. Usiende kuomba alama. Mwombe akuonyeshe swali ulilokosa kuliko yote, alijibu vipi yule aliyelipata. Wengi wa mwaka wa kwanza wanaogopa mlango ule, kwa hiyo foleni hutaikuta.

Ukivuka Msangamkuu, pweza wangu usimsahau.